Kwanza Funga, Halafu Fikiri

Tarehe 9 Januari

Kwa mwanangu Washa,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo, na kama wewe hujambo basi mimi nimeshapona nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayonifanya nikuandikie.

Kwanza asante kwa kifurushi. Dereva wa lori alikileta mwenyewe mpaka mlangoni mwanzoni mwa Desemba. Soksi zimenitosha, miwani imenifanya nifanane na mwalimu mkuu aliyefukuzwa kazi. Na vile vidonge vya mgongo, mama, hivyo ndivyo vidonge. Miaka thelathini na minane nimejikunja chini ya masinki ya watu, mgongo ulikuwa umeshakubali kuwa kona ya bomba. Sasa nameza kimoja asubuhi na kimoja baada ya chakula cha mchana, natembea wima mpaka jirani yetu Mama Cherehani ananiuliza kama nimeposa mahali.

Lakini kuna jambo. Ni kama wiki tatu sasa, kitu kimeanza hapa katikati, chini ya mbavu. Nikila, haipiti saa moja kinanibana. Siyo kuuma kwa njaa, njaa naijua. Hiki kinakaza. Ni kama mtu ameshika spana anakaza nati, inaingilia tumboni na kutokea mgongoni, anapumzika kidogo, anakaza tena. Jasho linanitoka mpaka kwenye kope. Juzi nilikuwa kwa mteja, nikaacha kazi nusu, nikajilaza kwenye vigae vya bafu lake mpaka kikapita. Sijawahi kulala kazini tangu nizaliwe. Mteja alinifunika na taulo, akadhani nimekufa.

Mganga wa zahanati anasema ni vidonda vya tumbo. Amenipa ile dawa nyeupe ya maji kama chokaa, nimemaliza chupa mbili. Mimi naona amepaka rangi ukuta unaovuja.

Nakwambia ukweli kwa sababu wewe si mtu wa kufichwa. Naogopa. Nakaa na sahani mbele yangu kama mshtakiwa anayesubiri hukumu. Mkanda nimeutoboa matundu mawili mapya. Kama mtu anaogopa kula, amebakiza nini?

Wewe unashinda kwenye chumba cha mirija pamoja na madaktari. Waulize. Waambie ni mzee aliyetolewa kifuko cha nyongo miaka minne iliyopita kwa sababu ya mawe, wasije wakaniambia tena ni mawe. Simu usihangaike. Sikio moja lilikwenda na kelele za ile pampu ya hoteli, la pili linamfuata mwenzake, na simu yenyewe ni ya tatu kuzama tenkini. Barua inatosha. Siku kumi na mbili si nyingi kwa mtu anayesubiri jambo la maana.

Baba yako


Tarehe 24 Januari

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo wa mwili. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye sinki la kazini, kisha nikaisoma tena nimekaa.

Kabla ya yote unisikilize. Mimi si daktari. Najua hapo mtaani unawaambia watu kwamba mwanao ni daktari wa mirija. Mimi ndiye ninayeiosha hiyo mirija, Baba. Inaingizwa kinywani mwa mgonjwa, inashuka mpaka kwenye utumbo, ikitoka inaletwa kwangu na brashi na dawa ya kuulia vijidudu. Lakini chumba ni kimoja na masikio ninayo, na daktari wetu, tunayemwita Mzee Kipimo, hafungi mdomo akiwa kazini. Nikamuuliza habari za mzee mmoja ninayemfahamu. Sikusema ni baba yangu. Niliona aibu, hata sijui aibu ya nini.

Nakueleza kwa lugha yako. Nyuma ya tumbo kuna kongosho. Hiyo ichukulie ndiyo pampu. Inatengeneza maji makali ya kuyeyushia chakula, na maji hayo yanapita kwenye bomba jembamba kama mrija wa wino ndani ya kalamu. Bomba la nyongo linashuka kutoka kwenye ini, linakutana nalo, na yote mawili yanamwaga kwenye utumbo mdogo kupitia koki moja. Koki yenyewe ni msuli wa mviringo, umekaa kama washa ya mpira, ile iliyonipa jina. Usicheke.

Chakula kikishuka kutoka tumboni, ukuta wa utumbo unatuma wajumbe kwenye damu. Ndio hao wanaoitwa homoni. Mmoja anakwenda kuiambia kongosho ifungulie maji. Wa pili anaamshwa zaidi na mafuta, naye anaiambia kongosho itie makali, na hapo hapo anaiambia koki ilegee. Siku njema, pampu inawaka na koki inafunguka kwa pamoja, mtu hajui hata kama kuna kazi inafanyika. Siku mbaya, pampu inasukuma na koki imekaza. Presha inapanda ndani ya bomba. Mzee Kipimo anaipima kwa mrija mwembamba kama uzi, namba zinatokea kwenye kioo. Anasema maji yale yakikosa pa kutokea, kongosho inaanza kujichoma yenyewe. Na aliyetolewa kifuko cha nyongo ana hatari zaidi, kwa sababu kifuko kile kilikuwa kama tenki ya akiba, presha ikizidi inapumulia humo. Wewe tenki huna.

Kwa hiyo nenda hospitali kubwa, upimwe damu. Mafuta acha. Kula kidogo kidogo. Na uniandikie dawa zote unazokunywa, hata za kuchemsha.

Ningekuja, Baba, unajua ningekuja. Faili langu la kibali cha kuishi huku bado liko mezani kwa mtu, na nikitoka nchi hii kabla halijapigwa muhuri sirudi tena. Huu ni mwaka wa tisa. Kila siku natazama kwenye kioo matumbo ya watu wasiojua hata kama nipo, na la kwako nalisoma kwenye karatasi.

Mwanao, Washa


Tarehe 12 Februari

Marahaba mwanangu,

Mimi nipo, Mungu hajanisahau, ila sina hakika kama amenikumbuka kwa wema. Wewe je, baridi imepungua? Unakula?

Barua yako nimeisoma mara nne, halafu nikaichora kwenye mfuko wa saruji, pampu hapa, bomba pale, koki chini. Nikaenda nayo dukani kwa vifaa, nikawaonyesha mafundi wenzangu. Walinyamaza wote, na unajua wale hawanyamazi hata msibani. Kumbe Mungu naye ni fundi bomba. Lakini mabomba mawili, koki moja, hakuna ya akiba? Mtu ninayemfundisha kazi akinifanyia hivyo namvunjia mita yake ya kupimia.

Na kuhusu kuwa si daktari, nyamaza. Anayeosha mrija anaujua kuliko anayeuingiza.

Hospitali kubwa siendi. Najua utakasirika. Mama yako aliingia pale kwa miguu yake akiwa amebeba pochi yake mwenyewe. Mimi nilirudi na pochi. Kila nikifika kwenye lile geti miguu inakataa, si mimi ninayekataa.

Umeuliza dawa. Ile nyeupe nimeacha, za kuchemsha sitaki. Nakunywa vidonge vyako tu, na hivyo siviachi, maana bila hivyo mgongo haunyanyuki kitandani. Vina kasoro moja, samahani kwa kukwambia haya, vinafunga choo. Siku nne sijaenda. Nikajaribu kumeza viwili viwili, ikawa siku sita. Vinafunga kweli kweli, mama. Vingekuwa vinauzwa kwa kilo ningevitia kwenye mabomba ya mtaa mzima nikapumzike.

Maumivu yameongezeka. Zamani yalikuja nikila vizito, sasa hata mkate mkavu yanakuja. Hayana adabu. Yanakuja nikiwa na watu, nageukia ukutani nijifanye natafuta kitu. Nimeacha kazi za juu ya ngazi. Nimekuwa mtu wa kukaa na kusubiri, na mimi kusubiri sikujifunza.

Unakumbuka siku ulipopata jina lako? Ulikuwa na miaka saba, mifuko ya gauni imejaa washa za mpira ulizoniibia. Jirani akaja anapiga kelele, bomba limepasuka, sebule imejaa maji. Watu wazima wanakimbia na ndoo na matambara, wanapigana vikumbo. Wewe hukumtazama mtu. Ulikwenda moja kwa moja kwenye koki kuu, ukaizungusha kwa mikono miwili mpaka ikakaza. Nikakuuliza nani amekufundisha, ukanijibu kwa maneno yangu mwenyewe: kwanza funga, halafu fikiri. Sijawahi kujivuna kama siku ile, hata siku ya harusi yangu.

Sasa hili la tumboni, koki kuu yake iko wapi? Maumivu yakija, nifanye nini dakika ile ile? Muulize huyo Mzee Kipimo uniambie kwa neno moja. Yakija huwa sina akili ya kusoma kurasa.

Baba yako


Tarehe 27 Februari

Shikamoo Baba,

Hujambo kidogo? Mimi naandikia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimebakiza dakika kumi niingie zamu, na kesho lori la barua haliondoki. Unisamehe mwandiko.

Habari ya choo nimecheka mpaka mwenzangu akanipokonya barua ajue kuna nini. Kunywa maji mengi, kula mapapai, mambo yatafunguka.

Umeniomba neno moja, na neno lenyewe kumbe ulikuwa nalo. Nimemuuliza Mzee Kipimo, mtu wa namna hiyo maumivu yakimshika afanye nini cha kwanza. Jibu lake ni hili: funga. Yakianza tu, Baba, funga. Funga kabisa, usijionee huruma, mpaka yatulie, halafu uende hospitali. Wajumbe wasipotumwa pampu itatulia yenyewe. Umeona? Ulishanifundisha udaktari nikiwa na miaka saba. Kwanza funga, halafu fikiri. Liandike ukutani ulione.

Kuhusu lile geti, nakuelewa. Mimi hata picha ya lile jengo siwezi kuitazama. Lakini Mama hakuuawa na geti. Mwambie Mama Cherehani akushike mkono mpite pamoja, yule hata mlinzi anamwogopa.

Faili langu limerudishwa. Wanasema picha ni ya zamani, sifanani nayo. Nilijitazama kwenye kioo cha chooni, nikaona wamesema kweli. Siku nyingine nikimaliza zamu nakaa kwenye benchi la kituo mabasi matatu yananipita, sina nguvu ya kunyanyua mguu. Sikwambii ili unihurumie. Nakwambia kwa sababu hapa hakuna ninayeweza kumwambia.

Kengele imelia. Funga, Baba. Usisahau.

Mwanao, Washa


Tarehe 15 Machi

Mwanangu Washa, marahaba,

Picha wakuchukue tena na wakupige vizuri, wewe si wa kurudishwa. Kwenye hicho kituo usikae sana, benchi za chuma zinaharibu kiuno.

Barua ilifika Jumatatu. Neno lako nimeliandika jikoni kwa penseli ya kazi, FUNGA, kila herufi kubwa kama kiganja. Mama Cherehani kaniuliza kama nimekuwa mlokole. Nikamwambia hayo ni maagizo ya daktari wangu.

Yakaja Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Safari hii sikubabaika, nilikuwa na la kufanya. Nikafunga. Kinachofunga kuliko vyote ninacho, vidonge vyako. Nilitaka kumeza viwili kwa mpigo, ila kwa kuwa dawa kali haifai kukuta tumbo lina mkate mkavu tu, nikajilazimisha kwanza, nikakaanga mayai matatu, nikayala yote, ndipo nikameza.

Sijui nikueleze vipi yaliyofuata. Haikupita saa. Presha ilipanda mpaka nikahisi macho yanataka kutoka. Nilitapika mpaka ikabaki nyongo. Nililala sakafuni shavu kwenye saruji, kwa sababu saruji ilikuwa baridi na kitanda kilikuwa mbali, na kitanda kiko hatua nne tu. Nilimwita mama yako kwa jina lake. Sijalitamka tangu tumzike. Kwa muda mrefu nilikuwa naomba kitu kimoja tu, nikuambie ukweli, niliomba iishe kwa njia yoyote.

Jua lilipofika dirishani ikalegea kidogo. Basi nikafanya la pili, nikafikiri. Nimeona kosa langu. Sikufunga vya kutosha. Koki ya kufunga nusu ni mbaya kuliko iliyo wazi, inapiga kelele na kutikisa bomba zima, hilo hata wewe unalijua. Nilifunga kwa woga. Ikija tena nitafunga vitatu, na ikibidi zaidi. Vimebaki kumi na moja. Kama unaweza kupata vingine, mpe yule dereva.

Usiogope. Sasa nina njia, na mtu mwenye njia hajapotea. Zamani niliamini mikono yangu, sasa inatetemeka, kwa hiyo naamini maneno yako. Mama Cherehani anasafiri wiki hii kwenda kumuuguza dada yake. Nimemwambia aende salama, mimi nina neno langu ukutani.

Baba yako


Tarehe 28 Machi

Baba,

Usimeze vile vidonge. Salamu utanisamehe, hili lazima liwe la kwanza. Usimeze hata kimoja. Vimwage chooni sasa hivi ndipo uendelee kusoma.

Kufunga nilikokuambia ni kutokula. Basi. Usile chochote, usinywe hata uji, kama mtu anavyofunga siku ya kufunga. Chakula kisipoingia wajumbe hawatumwi, pampu inapumzika. Ndilo hilo tu nililotaka kusema, nikaona niliseme kwa utani wetu, nikaona tutacheka. Ulitaka neno moja, na mimi nikachagua hilo.

Barua yako niliisoma kwenye sinki, nikaenda nayo mkononi na glavu zangu za maji mpaka kwa Mzee Kipimo. Nikamwambia yule mzee ni baba yangu. Nikamtajia vile vidonge. Alivua miwani, akakaa. Akasema dawa za jamii ile, pamoja na kutuliza maumivu, zinaweza kukaza ule msuli, ile koki, na mtu asiye na kifuko cha nyongo ndiye zinayemuumiza zaidi. Akaniuliza ulikula nini. Nikamwambia mayai ya kukaanga. Mayai na mafuta yanawaita wajumbe wote, Baba. Uliwasha pampu mpaka mwisho, halafu ukafunga koki. Na aliyekwambia ufunge ni mimi.

Vile vidonge ni vyangu. Nilipewa pakiti kadhaa nilipong'olewa meno, vikabaki, nikaona ni dhambi kuvitupa na mgongo wa baba yangu unauma. Sikumuuliza mtu. Tangu Desemba ni vyenyewe vilivyokuumiza. Saa moja baada ya kula, uliniandikia, na ukaniandikia pia kwamba unameza baada ya kula. Ukaniandikia vinafunga choo. Mtu anayeosha mirija ya matumbo miaka sita akasoma vinafunga, akacheka. Nilikuwa na dakika kumi na nikazitumia kucheka.

Mama Cherehani nimempigia mara kumi na nne, hapatikani. Wa dukani kwa vifaa sina namba yake, nimeitafuta, sina. Natuma kwa njia ya haraka, wanasema siku tano. Naomba siku hizi tano usisikie njaa. Naomba uwe mvivu, uwe umekasirika na mimi, uwe umevipoteza.

Ukiipata hii toka nje. Mshike yeyote anayepita, mwambie akupeleke hospitali, geti au si geti.

Nimeomba ruhusa nije. Wamesema nikitoka faili linafungwa. Na lifungwe.

Mwanao


Tarehe 8 Aprili

Shikamoo Baba,

Hali sikuulizi. Naandika nikiwa kwenye meza yako, kwa kalamu yako, na barua hii haitapita posta yoyote. Lakini yako ndiyo ya mwisho kati yetu, na wewe hukunilea niache barua bila majibu.

Nilifika Jumapili. Walikuzika Ijumaa, hawakujua kama niko njiani. Mafundi wenzako ndio waliokorogea kaburi saruji, kingo wamezinyoosha kwa uzi. Ungewasifu, halafu ungetafuta kosa mpaka ulipate.

Mama Cherehani alirudi Alhamisi. Kule kwa dada yake simu haishiki. Alibisha, akaona kimya, hakushangaa kwa sababu anajua husikii. Kilichomshtua ni mlango. Miaka yote anakufahamu, mlango wako haujafungwa mchana. Akawaita mafundi wakauvunja. Ulikuwa umeweka komeo juu na chini. Daktari aliyekuja kukutazama aliandika kongosho, ndivyo alivyoandika, neno moja.

Barua yangu ya haraka ilikuwa sakafuni nyuma ya mlango, ina alama ya kiatu. Hawakuiona wakati wanaingia. Nimemtafuta mtu aliyeileta. Ni kijana mpole, anakumbuka vizuri. Aliifikisha Jumanne saa nne asubuhi, siku mbili kabla hawajavunja. Alibisha sana, hakuna aliyefungua, akaisukuma chini ya mlango. Nikamuuliza kama alisikia chochote ndani. Akasema ndiyo, alisikia bomba linagongwa, ngo, ngo, ngo, halafu kimya, halafu tena. Akaona fundi yuko kazini, asimsumbue.

Walikukuta chini ya sinki na spana mkononi.

Nimejaribu kukaa na jambo hilo na kusimama nalo, halikaliki. Kila nikigeuka ni mimi. Vidonge mimi, neno mimi, kicheko mimi, na barua iliyofika ukiwa hai ikakaa hatua sita kutoka kwako ni mwandiko wangu. Mama Cherehani anasema siku ya mtu ikifika imefika. Anasema kwa upendo, namwacha aseme.

FUNGA liko ukutani. Chini yake umechora koki, na mshale wa kuonyesha inazungushwa upande gani, kana kwamba wewe ungesahau. Pakiti haina kitu. Barua yako ilikuwa hapa mezani, haina tarehe wala salamu, mistari imelala. Nainakili ili majibu yakae chini yake.

"Washa mwanangu nimefunga vitatu haijashuka. Nimefunga vingine. Nimekula kidogo visikute tumbo tupu. Nimefunga koki ya jikoni na ya bafu nimekwenda nimefunga koki kuu ya nje. Nimefunga madirisha na mlango sijui kwa nini, naona kama kuna mahali pameachwa wazi. Presha inapanda tu. Kila kitu nimefunga mama. Sasa niambie nifungue nini"

Ni hiyo tu. Hukuweka hata alama ya kuuliza.

Mlango, Baba. Ungefungua mlango. Mtu alikuwa amesimama pale na barua yangu mkononi.

Nyumba haina maji tangu siku hiyo. Mama Cherehani ananiletea ndoo, anashangaa kwa nini nateseka, koki kuu si iko pale nje, ni kuizungusha tu. Nimekwenda mara mbili. Leo nimepiga magoti nikaishika kwa mikono miwili kama zamani. Uliikaza sana, Baba. Sijaiweza.

Mwanao, Washa